Kuisoma Bidhaa Kabla ya Kuisafirisha

Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, ndugu zangu wahandisi na maofisa wa mauzo,

Nimeombwa nizungumzie uainishaji wa bidhaa kwa ajili ya udhibiti wa mauzo ya nje, yaani kuamua kama bidhaa imo katika orodha za vitu vinavyohitaji kibali cha serikali kabla ya kusafirishwa, nami naomba nianze na pampu.

Chukueni pampu mbili za kemikali zilizotoka kiwanda kimoja, zenye umbo moja, zinazoendeshwa kwa sumaku bila sili ya shafti (kizibo cha kuzuia uvujaji kwenye mhimili unaozunguka), kila moja ikiwa na uwezo wa kusukuma mita moja ya ujazo kwa saa. Ndani ya ya kwanza, kemikali hugusa chuma cha kawaida kisichoshika kutu. Ndani ya ya pili, kila sehemu inayoguswa imefunikwa kwa fluoropolima, aina ya plastiki yenye florini. Forodhani zote mbili huingia chini ya namba 8413, yaani pampu za vimiminika, na hakuna anayeziuliza zaidi. Lakini katika orodha za udhibiti za Marekani na za Umoja wa Ulaya, ya pili huangukia kifungu 2B350, ilhali ya kwanza haiguswi nacho. Kifungu hicho hutazama aina ya sili, kiwango cha juu cha kusukuma kinachozidi mita za ujazo 0.6 kwa saa, na mata, yaani malighafi, ya nyuso zote zinazokutana na kemikali: fluoropolima, kioo, titani, tantali, au aloi yenye nikeli zaidi ya asilimia 25 na kromi zaidi ya asilimia 20, miongoni mwa nyingine. Mata hizo huhimili kemikali kali zinazohitajika katika kutengeneza silaha za sumu, na ndiyo maana zimo katika orodha ya Kundi la Australia, ushirika wa nchi zinazooanisha udhibiti wao ili kuzuia kuenea kwa silaha za kemikali na za kibiolojia, lililoanzishwa mwaka 1985 baada ya silaha hizo kutumika katika vita vya Iran na Iraq.

Basi jina la bidhaa halitoshi, wala namba ya forodha haitoshi, wala nia njema ya muuzaji haitoshi. Kinachoamua ni vigezo vya kiufundi vikilinganishwa na maneno ya kifungu, neno kwa neno, pamoja na kila "na" na kila "au" iliyomo.

Namba yenyewe husomeka. Katika 2B350, tarakimu ya kwanza ni kundi la uchakataji wa mata, herufi B ni vifaa vya kupimia na kuzalishia, na 3 inayofuata huashiria Kundi la Australia. Ingekuwa 1, tungezungumzia makombora, na ingekuwa 2, nyuklia. Hata hivyo, kabla ya kufika hapo, orodha ya zana za kivita hupitiwa kwanza, kwa kuwa kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya jeshi hakitafutwi katika orodha ya bidhaa zenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi.

Linalonihuzunisha ni kuona kazi hii ikiachiwa karani wa usafirishaji, jioni ya kupakia mzigo, akiwa na ankara tu mkononi. Karani huyo atajuaje kilichomo ndani ya pampu? Anayejua ni mhandisi aliyeichora, na saini yake ndiyo inayopaswa kuwa kwenye karatasi ya uainishaji. Vivyo hivyo, barua ya msambazaji inayosema tu kwamba "bidhaa hii haidhibitiwi", bila kutaja kigezo hata kimoja, haithibitishi lolote. Irudisheni, mwombe vipimo.

Tena, kutokuwepo orodhani si ruhusa kamili. Ile pampu ya kwanza bado huhitaji kibali ikiwa muuzaji anajua kwamba inakwenda kwenye mradi wa silaha za kemikali, na mteja aliyewekewa vikwazo hawi salama kwa sababu bidhaa ni ya kawaida.

Mwisho, orodha hizi hurekebishwa mara kwa mara. Kwa hiyo katika kila faili andikeni toleo la orodha mlilolitumia na tarehe yake, na mkibadilisha mata ya bitana ya pampu, hata kama namba ya modeli haikubadilika, fungueni faili upya.