Kashata Hazitaji Umri wa Tairi

(Mhadhara kwa madereva na wenye magari, Morogoro)

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na poleni na jua. Mimi nafundisha ufundi wa magari, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu injini. Ni hili: "Fundi, tairi lina nyufa lakini kashata bado zipo. Litanifikisha?" Kashata ni yale meno ya mpira yanayogusa barabara.

Nianzie mbali kidogo. Septemba 2012, huko Uingereza, basi lililokuwa likiwarudisha vijana Liverpool kutoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, likaacha njia na kugonga mti. Walikufa watu watatu, dereva akiwemo. Tairi lile lilikuwa limepita miaka 19. Mmoja wa waliofariki, Michael Molloy, alikuwa na miaka 18. Kashata zilikuwepo, na sheria ya wakati ule haikuuliza umri. Mama yake, Frances, alilipigania jambo hilo miaka mingi, na tangu Februari 2021 ni marufuku kule kufunga tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya basi au lori.

Kwa hiyo kashata tuziweke pembeni kwanza. Zinakwambia tairi limetembea kiasi gani, basi.

Mpira wa tairi huchanganywa na nta na dawa za kuukinga na hewa ya ozoni na jua. Dawa hizo hupanda juu kidogo kidogo tairi linapozunguka na kujikunja. Gari likiegeshwa muda mrefu hazipandi, ngozi ya mpira inakauka na kuchanika. Ndiyo maana gari la mzee mstaafu, linalotoka siku za harusi na misiba tu, utalikuta na kashata nzima na ubavu uliojaa nyufa, wakati teksi inamaliza kashata kabla haijaona ufa. Na lile la akiba linaloning'inia mlango wa nyuma wa Prado? Halijagusa lami, ila limeota jua miaka yote.

Sogeeni mlione hili. Tafuteni ubavuni herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Hapa ni 3714: wiki ya 37, mwaka 2014. Msipoziona upande wa nje, chungulieni wa ndani. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Mkikuta tarakimu tatu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, msipoteze muda nalo. Watengenezaji wengi wanashauri likipita miaka 5 fundi alikague kila mwaka, na likifika 10 litoke, la akiba likiwemo. Anayenunua mtumba wa Japani akumbuke kwamba miaka imeanza kuhesabiwa kiwandani, haikusubiri meli.

Sasa nyufa zenyewe. Osheni kwanza kwa brashi na sabuni, maana wauzaji hupaka dawa ya kung'arisha na nyufa zinapotea machoni. Kisha pitisheni ukucha. Nyufa nyembamba kama unywele, ukucha unateleza juu yake: gari litembee, ila mwenye gari ajue mpira umeanza kuzeeka, alitazame kila mwezi. Ukucha ukikwama, au ukibonyeza ubavu ufa ukafungua mdomo, toa. Ufa ulio ndani ya mfereji, kati ya kashata na kashata, ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu chini yake kuna mikanda ya waya. Maji yakifika pale waya unakula kutu, na siku moja, gari likiwa kwenye kasi, kashata zinabanduka kama ganda. Ufa unaolizunguka tairi jirani na rimu, toa. Nundu ubavuni, hata bila ufa, maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Hilo hata sokoni usiende nalo. Na kateni usukani hadi mwisho mkague ubavu wa ndani, ambao hakuna anayeutazama.

Upepo ukiwa pungufu, ubavu unajikunja kupita kiasi na kuchemka. Ufa ambao ungevumilia safari za mjini hautavumilia Dodoma, saa saba mchana, na abiria saba na magunia juu. Pimeni asubuhi, matairi yakiwa ya baridi. Kiwango kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Wapo wanaoingiza tyubu ndani ya tairi lenye ufa. Tyubu inashika upepo tu. Nyuzi zilizochoka haizirudishii nguvu.

Kuna dada ameuliza: ana fedha ya matairi mawili tu, afunge wapi? Yenye ufa wa kukwama ukucha yatoke yote kwanza, hata kama gari litalala wiki mbili. Kama manne yote yana nyufa za unywele tu, mapya yafungwe nyuma. Najua wengi mnafunga mbele. La mbele likileta shida, gari linavuta upande, na usukani bado unao mkononi. La nyuma likikuacha, mkia unazunguka, na madereva wa kuurudisha ni wachache, mimi simo. Kwa basi la abiria ni habari nyingine: nyuma matairi ni pacha, mbele ni moja moja, kwa hiyo mbele ndiko yanakokaa yaliyo bora.