"Anaendelea Vizuri" Si Kipimo: Kufuatilia Uso Uliopooza

TABIBU: Karibuni tena. Tupo Mtwara mjini, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo mkisikia bodaboda zinapita mtuvumilie. Leo ni uso uliopooza upande mmoja, ule ambao mtaani wanasema "upepo umempiga". Matibabu tuliyagusa: dawa ya prednisoloni ianze ndani ya saa 72, jicho lilindwe. Leo tunauliza, tunajuaje kama uso unarudi? Dada, karibu.

DADA FIZIO: Ahsante, Tabibu. Adui yangu wa leo ni sentensi moja kwenye faili: "Anaendelea vizuri." Vizuri kutoka wapi kwenda wapi? Wiki tatu baadaye anayempokea mgonjwa ni mtu mwingine, hana cha kulinganisha.

TABIBU: Wengi wetu tulifundishwa mizani ya House-Brackmann, ile ya mwaka 1985, daraja la 1, uso wa kawaida, mpaka la 6, umepooza kabisa.

DADA FIZIO: Siikatai. Kwa barua ya rufaa inafaa sana, mtu anasoma namba moja anaelewa. Mpaka wake muhimu ni kati ya la 3 na la 4. Mwambie mgonjwa afumbe jicho kwa nguvu zote. Likifumba lote, hajafika la 4. Likibaki na upenyo, ni la 4 au baya zaidi. Shida ni kwamba mtu anaweza kukaa daraja la 3 miezi mitatu huku uso wake ukibadilika, nawe huoni lolote kwenye namba. Kwa ufuatiliaji mimi natumia Sunnybrook, fomu ya alama 0 mpaka 100, 100 ni uso wa kawaida, iliyotoka Toronto mwaka 1996.

TABIBU: Tupeleke taratibu. Kalamu mkononi.

DADA FIZIO: Mkalishe, mgongo umegusa kiti, mwanga umwangukie usoni. Kwanza usimwambie afanye chochote. Tazama uso umetulia. Jicho: sawa ni 0, likiwa dogo au limetanuka ni 1. Mkunjo unaotoka puani kwenda pembe ya mdomo: sawa 0, umefifia au umezidi 1, haupo kabisa 2. Pembe ya mdomo: sawa 0, imeshuka au imevutwa 1. Jumlisha, zidisha kwa 5.

TABIBU: Kumbe mkunjo uliozidi nao una alama?

DADA FIZIO: Ndiyo, na wengi wanausahau. Mwanzoni misuli imelegea, baadaye inaweza kukakamaa, shavu likavutwa juu. Ndugu wanasema "uso umenyooka". Haujanyooka, umekaza.

TABIBU: Halafu mijongeo mitano.

DADA FIZIO: Inua nyusi. Fumba macho polepole kama unasinzia. Cheka meno yaonekane. Kunja pua kama umepita penye samaki waliooza. Chonga mdomo kama unapiga mluzi. Kila mmoja alama 1 mpaka 5: 1 hakuna kitu, 2 dalili ndogo, 3 unaenda kidogo, 4 karibu kamili, 5 kamili. Jumla zidisha kwa 4. Unalinganisha na upande wake mzima, yaani usiopooza, si na uso wako.

TABIBU: Hapa ndipo watu wanadanganyika. Kwenye kucheka, upande mzima unauvuta ule mgonjwa, mtu anaandika 3.

DADA FIZIO: Weka kidole, zuia upande mzima kidogo, kisha tazama tena. Mara nyingi ile 3 inakuwa 1. Jicho nalo lina hila yake. Mgonjwa akitazama chini, kope la juu linashuka lenyewe, kwa sababu msuli unaoliinua unalegea, na huo unaongozwa na neva nyingine, si ile ya uso iliyopooza. Mwambie atazame mbele, ndipo afumbe.

TABIBU: Na kama paji la uso linakunjika vizuri pande zote huku mdomo umepinda?

DADA FIZIO: Weka fomu pembeni, fikiria kiharusi, apelekwe hospitali hapo hapo.

TABIBU: Sehemu ya tatu ndiyo wengi wanairuka.

DADA FIZIO: Nayo ndiyo inayoniuma. Neva ya uso ikikatika ndani inaota upya, takribani milimita 1 kwa siku, lakini baadhi ya nyuzi zinapotea njia. Ya mdomo inaingia kwenye jicho. Kwa hiyo mtu akinywa dafu kwa mrija, jicho linajifumba. Akicheka, shingo inakaza. Wengine machozi yanawatoka wakila. Inaitwa sinkinesia, huanza kuonekana kama mwezi wa tatu au wa nne. Unapotazama kila mjongeo kati ya ile mitano, tazama pia sehemu usizomwomba azitikise: 0 hakuna, 1 kidogo, 2 wastani, 3 unaharibu sura. Hapa huzidishi.

TABIBU: Tupige hesabu moja.

DADA FIZIO: Mfano tu. Siku ya kwanza uso umetulia: jicho 1, mkunjo 1, mdomo 1. Ni 3 mara 5, 15. Mijongeo: 2, 3, 3, 2, 3, jumla 13, mara 4 ni 52. Sinkinesia 0. Toa 15 kwenye 52: alama 37 kati ya 100. Mwezi wa tano: utulivu 2 mara 5, 10. Mijongeo 19 mara 4, 76. Sinkinesia 6. 76 toa 10 toa 6: 60.

TABIBU: Kapanda kwa 23.

DADA FIZIO: Kapanda, lakini usiandike 60 peke yake. Andika 76, 10, 6. Ile 6 inakuambia acha kumhimiza akaze uso kwa nguvu. Kupuliza maputo na kutafuna bablish kutwa nzima kunaweza kuifundisha misuli iliyopotea njia iendelee kupotea. Sasa anahitaji mijongeo midogo, polepole, mbele ya kioo: anacheka nusu huku jicho analiachia wazi.

TABIBU: Na asiyepanda kabisa?

DADA FIZIO: Miezi mitatu hadi minne hakuna hata dalili ya mjongeo, usiendelee kuuita Bell, yaani ule upoozaji wa uso usio na chanzo kinachojulikana. Vivyo hivyo ulegevu unaoongezeka polepole kwa wiki nyingi. Apelekwe achunguzwe, kunaweza kuwa na uvimbe unaobana neva.

TABIBU: Mgonjwa wa Tandahimba, korosho haijauzwa, nauli hana. Atapimwaje?

DADA FIZIO: Video ya WhatsApp, akiridhia mwenyewe. Simu ishikwe na mtu mwingine, usawa wa macho, kama mita 1, jua lisiwe nyuma yake. Sekunde 10 ametulia, kisha kila mjongeo mara tatu. Watumie kamera ya nyuma, maana ile ya mbele kwenye simu nyingine inageuza picha, kushoto kunakuwa kulia, ukampima upande mzima. Na kabla ya kuanza ataje tarehe, aguse kwa kidole upande wenye tatizo. Hapo hata simu ikigeuza, hatupotei.