Intavyuu ya startapu: soma ile kazi ya nyumbani vile wao wanavyokusoma wewe

Haya asanteni sana, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeombwa niongee kuhusu intavyuu za kazi ya programu kwenye startapu, yaani kampuni changa, na nimekaa kwenye intavyuu hizo nyingi tu hapa Nairobi, zingine nikapata kazi zingine nikakosa, na leo nataka tukae sana kwenye ile kazi wanayokupa ukafanyie nyumbani. Hapo ndipo utawajua hao watu.

Kwanza, mambo mengi mnayosoma kwenye intaneti kuhusu intavyuu yametoka kwa kampuni kubwa za Marekani. Unasimama kwa ubao, unaulizwa algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo, kama kugeuza mti wa bainari, ule mpangilio wa data unaogawanyika matawi mawili mawili. Kuna Max Howell, ndiye alianzisha Homebrew, ile programu watu wa Mac hutumia kuweka programu zingine, 2015 aliandika Twitter kwamba Google walimkataa juu ya swali la huo mti, na huku mainjinia wao wanatumia kazi yake kila siku. Sisemi algorithimu msizisome. Zisomeni, mtu akikuuliza kwa nini kutafuta kitu kwenye hashimapu, ile inayokupeleka moja kwa moja kwa kitu ukiwa na jina lake, ni haraka kuliko kupitia listi nzima umjibu hapo hapo. Lakini startapu yenye watu wanane ina shida zingine kabisa, inataka mtu ataaminika na pesa za wateja wiki ya kwanza.

Kwa hivyo hapa kwetu swali utakutana nalo ni M-Pesa. Yaani karibu kila mtu analipisha kwa STK, ule ujumbe unaotokea kwa simu ya mteja aweke PIN, na Safaricom walifungua Daraja, mlango wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, 2017 na tangu hapo devi yeyote anaweza kuunganisha. Sasa niliulizwa hivi, na ni swali zuri sana: mteja amebonyeza lipa, ameweka PIN, pesa imetoka, kolibeki, yaani ule ujumbe wa Safaricom wa kukuambia malipo yameendaje, imefika kwa seva yako mara mbili, utafanya nini? Halafu wakaongeza, na isipofika kabisa je? Wengi hujibu ile nusu ya kwanza tu, ati angalia ResultCode, ile namba ya matokeo, kama ni 0, yaani malipo yamepita, basi mwekee mteja salio. Sasa kolibeki ikirudi mara ya pili si umemwekea mara mbili? Unachofanya, ukituma ombi unapewa CheckoutRequestID, namba ya kutambulisha ombi hilo, hiyo ihifadhi kwenye database mapema na uiwekee sharti isijirudie, kolibeki ikija unaangalia kwanza hiyo ID ishashughulikiwa ama bado, na kuangalia na kuweka salio vifanyike kwa transaction moja ya database, yaani vyote pamoja ama visifanyike kabisa, ndio zikifika mbili kwa wakati mmoja zisipenye zote. Na isipofika, baada ya muda fulani wewe mwenyewe unaenda kuuliza Daraja hiyo malipo iliishia wapi. Usimwambie mteja imefeli wakati pesa yake imeenda, tafadhali, huyo mtu labda hiyo ndiyo ilikuwa nauli yake. Aliyeniuliza alikuwa amekesha usiku na tatizo kama hilo, unaona kabisa anatafuta mtu wa kusaidiana naye, na tuliongea saa nzima bila kuandika hata laini moja. Hiyo ndiyo intavyuu.

Sasa upande ule mwingine. Startapu nyingine, sitaitaja, ilinitumia kazi ya nyumbani: jenga dashibodi ya madeni ya wateja, yenye logini, ripoti na SMS za kukumbusha. Hiyo si testi, hiyo ni bidhaa! Na ndani ya ile zipu walikuwa wameweka faili ya Excel, nikafungua nikaona majina ya watu, namba za simu zinazoanza na 07, kiasi kila mmoja anadaiwa, data ya watu halisi inatumwa tu kwa mtu yeyote aliyeomba kazi. Kenya tuna Data Protection Act, sheria ya kulinda data za watu, tangu 2019. Nilifuta ile faili, nikawaandikia kwa heshima kwamba hii data haikufaa kunifikia na kazi yenyewe ni ya wiki kadhaa, kama wanaitaka tukubaliane malipo. Hawakujibu hadi leo. Iliniuma, nilikuwa nahitaji hiyo kazi sana, lakini kama namba za wateja wao zinatembea hivyo, yangu ingekuwaje?

Kwa hivyo ukipewa kazi ya nyumbani uliza inafaa kuchukua masaa mangapi, nani ataisoma, na mtaketi naye muijadili ama la. Kazi ya masaa matatu manne ni sawa.

Mkifika kwa pesa usione aibu. Uliza kampuni ina pesa ya kulipa mishahara miezi mingapi bila investa mpya. Wakikupa hisa, kawaida huwa zinaiva, yaani zinakuwa zako kidogo kidogo, kwa miaka 4 na ukitoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha huondoki na chochote, kwa hivyo usikubali hisa zichukue nafasi ya pesa ya rent. Na wale wa "utakuwa kwa probation mpaka tupate investa", yaani kipindi cha majaribio, Employment Act ya 2007, sheria ya ajira, inasema probation isizidi miezi 6, inaweza kuongezwa hadi 6 mingine lakini lazima wewe ukubali. Waambie waandike tarehe kwenye kontrakti, na uisome kabla hujaandika barua ya kuacha kazi uliyo nayo.