Deni na Shahidi Wake
(Mhadhara uliotolewa uani mwa Ngome ya Lamu, baada ya sala ya Isha)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kama mnaongoja boti ya Mokowe.

Nilipokuwa naingia, mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, sema nao, watu wa siku hizi hawana amana." Nikaitikia kwa adabu. Lakini siamini kwamba babu zetu walitushinda kwa weupe wa nyoyo. Mimi ni mtoto wa muuza duka Langoni. Nimekua juu ya magunia ya mchele nikiwasikia watu wazima, wenye ndevu na vilemba, wakimpiga baba chenga kwa shilingi tano.

Hata hivyo walilipa. Hilo ndilo nililokuja kulisema: kwa nini walilipa?

Baharia wa Kizingitini alikuwa akija akichukua unga, sukari, majani ya chai na mafuta ya taa, asitoe hata senti. Ahadi yake ni moja: "Bamvua likiisha, maji makuu yakishapita, inshallah." Baba akiandika kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, jina, kitu na bei. Kisha huinua kichwa akamwita yeyote aliyekaa barazani: "Fulani, umesikia?" Fulani hujibu "Nimesikia," akarudi kwenye kahawa yake. Jina lake nalo likaandikwa pembeni. Mimi nikidhani ni maongezi tu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoisoma vizuri aya ya 282 ya Suratul Baqara. Hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na habari yake ni deni. Liandikwe, liwe dogo liwe kubwa, na mashahidi waletwe. Kabla ya kufika kwa wanaoaminiana, katika aya ya 283, Mola ametutaka kwanza tumlete mwandishi na wenye kushuhudia. Aliyetuumba anatujua. Wahenga nao wakasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na mji huu wenyewe ulikuwa shahidi. Vichochoro vyembamba, punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, na kila mlango una baraza yake na kila baraza ina mzee wake. Mwenye deni angepita wapi? Apite usita wa mui, njia kuu ya mji, anaonekana. Azunguke pwani, anaonekana zaidi.

Sasa simu. M-Pesa ilipoanza Kenya, Machi 2007, ilikuwa neema, na mpaka leo ni neema; mwanangu akiwa Nairobi, pesa zake hunifika kabla sijamaliza kumuombea dua. Lakini mwaka jana nilipata ujumbe kwamba nimeingiziwa pesa, na mara simu ikalia: mama wa watu, amekosea namba, mtoto ni mgonjwa, nimrudishie. Nikarudisha elfu mbili na mia tano. Kumbe hakukuingia kitu, ujumbe ulikuwa wa kutunga. (Mke wangu alicheka siku tatu.) Nikajiuliza, yule mama angethubutu kunifanyia vile mbele ya duka la baba? Mtoto wa nani, wa mtaa gani, sijui. Hana baraza.

Wala msinielewe kwamba karatasi itatuokoa. Mwezi wa Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za kampuni 22, zenye ardhi ya takriban ekari 500,000 katika kaunti yetu hii, zilizodaiwa kutolewa kinyume cha sheria. Hati zile ni karatasi. Zina saini, zina muhuri. Jirani wa shamba aliulizwa "umesikia?" na nani?

Mkitaka kujua amana imebakia wapi, waulizeni wake zenu habari za mchezo. Wanawake kumi, kumi na wawili, kila wiki kila mmoja anatoa chake, mmoja anabeba. Hakuna wakili. Wanaume tunacheka, halafu mwezi ukiwa mgumu tunakwenda kukopa kwao. Wangu anacheza mmoja huko Mkomani, mwaka wa tisa huu. Nikamuuliza, anayebeba zamu ya kwanza akikimbia je? Akanitazama kama aliyesikia upuuzi. "Akimbilie wapi? Mamake namjua, na harusi ya mwanawe pilau nilipika mimi."

Basi siwezi kuwaamrisha muwe watu wema. Hilo mwachieni imamu siku ya Ijumaa. Mimi naomba kadogo tu. Ukikopesha, ukiuza kiwanja hata kwa ndugu yako, andika, kisha waite wawili wa mtaani wasikie. Asione haya anayeita, wala asikasirike anayeitiwa. Baba aliitia watu hata kwa deni la shemeji yake, na shemeji akala kwetu siku hiyo hiyo.

Daftari lake ninalo hapa mezani, limeliwa na mchwa kidogo. Madeni mengi yamepigwa mstari. Machache bado. Anayetaka kutazama jina la babu yake aje baada ya kahawa, mimi sitalisoma kwa sauti.