Kunde za Mwaka Mpya: wali uingie sufuriani au ukae pembeni?

NEEMA: Karibuni tena. Mkisikia mfuniko unagonga huko nyuma, ni sufuria. Leo tumewasha jiko kabla ya kuwasha maikrofoni.

FESTO: Na mezani kuna bakuli tatu. La kwanza Neema alitaka kulimwaga.

NEEMA: Ukanizuia. Wasikilizaji, tarehe 1 Januari nilipika Hoppin' John: kunde, wali na nyama ya nguruwe ya moshi, kama wanavyokula watu wa South Carolina na Georgia kila Mwaka Mpya. Kunde zikawa rojo. Kifundo cha nguruwe, mpira. Sufuria moja, makosa mawili.

FESTO: Kosa ni moja. Uliweka kunde na kongoro kwa wakati mmoja.

NEEMA: Si kongoro, Festo.

FESTO: Tutafika huko. Kwanza niwape ratiba: tunaanza na sufuria hii, halafu mboga ya majani, tunamalizia na mkate wa mahindi. Huko Kusini mwa Marekani vitatu hivi vinakaa sahani moja siku ya kwanza ya mwaka. Kunde ni bahati, majani ni noti, mkate wa njano ni dhahabu.

NEEMA: Haya, sasa kongoro. Dada au kaka anayesikiliza akienda buchani kuulizia kongoro atapewa kwato. Kwato zina ute na mifupa midogo midogo, nyama hakuna. Tunachotaka ni kile kifundo kilicho juu ya mguu, kabla hujafika kwenye paja. Kina ngozi nene, mishipa, na vipande viwili vitatu vya nyama nyekundu vilivyojificha ndani.

FESTO: Na kiwe cha moshi. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Kwenye friji moja utakuta kifundo kibichi, cha waridi, ngozi inang'aa kwa unyevu. Pembeni yake kuna kilichowekwa chumvi kikapigwa moshi: rangi ya kahawia iliyoiva, ngozi kavu, ukikisogeza puani unasikia moshi hata kupitia nailoni. Ukinunua kibichi utapata supu nzito isiyo na ladha, na hakuna kiungo kitakachokuokoa.

NEEMA: Vifundo viwili, kama gramu 800 kwa pamoja, kwa gramu 450 za kunde kavu. Suuza vifundo, weka kwenye lita 3 za maji baridi, kitunguu kimoja kilichokatwa mara mbili, majani mawili makavu ya bay (bay leaf). Chumvi usiguse. Yakianza kuchemka toa povu, punguza moto mpaka uone vipovu vinapanda kimoja kimoja, funika ukiacha upenyo.

FESTO: Saa mbili. Ile mishipa na ngozi inalainika polepole na kugeuka ute, na huo ute ndio unaofanya supu ishike midomo. Ukiharakisha kwa moto mkali, nyama inakakamaa na maji yanakauka, huku mishipa bado haijalegea. Utajua kongoro limeiva ukichoma uma karibu na mfupa, ukizungusha kidogo, nyama iachie yenyewe.

NEEMA: Kifundo.

FESTO: Kifundo cha kongoro.

NEEMA: Jamani huyu mtu! Haya. Kikiiva kitoe, kipoe, chambua nyama, katakata vidogo. Ngozi na mafuta mengi weka kando. Halafu onja supu. Hapo ndipo utajua kama kuna nafasi ya chumvi. Mara nyingi haipo kabisa, kwa sababu maji yakipungua chumvi inabaki na kuzidi.

FESTO: Kwa wasiokula kitimoto, na najua mko wengi: bawa au shingo ya bata mzinga ya moshi. Hii si mbinu ya kubahatisha, jikoni nyingi za Wamarekani Weusi zinapika hivyo kila siku. Saa moja hadi moja na nusu inatosha. Haina mafuta mengi, kwa hiyo kaanga vitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta kabla ya kuweka maji, la sivyo supu itakuwa nyepesi.

NEEMA: Na aliyebakiwa na mfupa wa hemu ya Krismasi, yaani lile paja la nguruwe la chumvi na moshi, autumie. Mfupa ndio unaingia mwanzoni. Nyama yenyewe imeshaiva tangu zamani, ukiichemsha saa mbili inakuwa nyuzi kavu. Ikate vipande, iingie dakika 15 za mwisho.

FESTO: Sasa kunde. Zichambue, kuna vijiwe. Kuloweka si lazima, ngozi yake ni nyembamba. Saa nne mpaka sita zinapunguza muda hadi kama nusu saa. Usiziache usiku mzima mezani wakati wa joto, utaamka zimeanza kuchacha.

NEEMA: Bila kuloweka, dakika 45 hadi 60. Zinaingia kwenye ile supu, pamoja na kitunguu, seleri, pilipili hoho ya kijani, vitunguu saumu punje tatu, thaimu, na pilipili kali kidogo. Vitunguu na hoho vikaange kwanza kwenye mafuta uliyoyaengua juu ya supu.

FESTO: Na jinsi ya kupima. Ngoja nichote hapa. Chota kunde tano kwenye kijiko, puliza. Mnaona? Neema anaona. Ngozi inajikunja na kubanduka. Maana yake umebakiza dakika chache. Sasa bana moja kati ya ulimi na kaakaa: isagike bila kuacha unga mkavu katikati. Ukisikia unga, endelea.

NEEMA: Mtu ataniuliza: nimepika saa mbili, unga bado uko. Kunde ni za zamani. Zikikaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu, zinagoma. Au maji yako yana chokaa nyingi. Au umeweka nyanya mapema. Nyanya, siki, ndimu, chochote kichachu kinaikaza ngozi, kwa hiyo vyote vingoje kunde ziive.

FESTO: Na magadi?

NEEMA: Magadi yaache kwenye makande. Hizi ni laini, magadi yanamenya ngozi, rangi inafifia, na ladha inakuwa ya sabuni. Kama maji yako ni magumu kweli, robo kijiko cha chai cha baking soda kwa gramu 450, basi.

FESTO: Nakubali. Tukifika hapa, wali unaingia.

NEEMA: Wali hauingii. Wali unapikwa kwenye sufuria yake.

FESTO: Neema, ukiupika pembeni umepika wali na kunde. Chakula kizuri, lakini si hiki. Bakuli la pili hapo, onja. Kila punje imekunywa moshi.

NEEMA: Nimeonja. Na kila kunde ya tatu imepasuka.

FESTO: Kwa sababu nilichelewa kuzitoa dakika tano. Utaratibu ni huu: kunde zikibakiza kiini kidogo, unamimina yote kwenye chujio, unaweka bakuli chini, supu usiimwage. Unapima. Kwa vikombe viwili vya mchele mrefu uliooshwa, vikombe vitatu na nusu vya supu. Unarudisha kunde, nyama, mchele na hiyo supu tu. Ikichemka, moto wa chini kabisa, funika, dakika 18. Zima. Dakika 10 usifungue. Anayepata bokoboko ni yule aliyemwaga mchele kwenye supu ambayo hakuipima.

NEEMA: Na hizo dakika 28 kunde zinaendelea kuiva. Unawaongoza farasi wawili kwa kamba moja. Mimi nikipika wali peke yake, kunde nazisimamisha ninapotaka mimi. Na supu yangu inabaki! Ile supu nzito ya moshi, namimina juu ya wali sahanini. Wewe umeimaliza yote.

FESTO: Imeingia ndani ya mchele, haijapotea. Maelekezo yaliyochapishwa Charleston, kule South Carolina, mwaka 1847 yako wazi: kipimo kimoja cha kunde, kimoja cha mchele, na karibu nusu kilo ya nyama ya nguruwe ya chumvi. Sufuria moja. Na waliokuwa wakipika majikoni kule pwani walitoka Afrika, watu wanaoujua mpunga na kunde tangu kwao. Ghana mpaka leo wanapika waakye, mchele na kunde kwenye sufuria moja. Kunde zenyewe asili yake ni bara letu. Sisi wenyewe tuna mseto! Mpwani gani anapika choroko huku na wali kule akauita mseto?

NEEMA: Asante kwa kuutaja mseto, umenisaidia. Mseto tunautaka ulainike, ushikane, uule na samaki au mchuzi. Choroko ikipasuka ni furaha. Hoppin' John inatakiwa punje zitengane. Kitu kimoja hakiwezi kuwa shahidi wa kingine.

FESTO: Mseto wa kutengana upo.

NEEMA: Wapi?

FESTO: Ukipunguza maji, choroko nzima, ukaipalia makaa juu. Unatengana vizuri.

NEEMA: Huo ni wali wa choroko, Festo. Halafu turudi 1847. Zile hazikuwa kunde za jicho jeusi, yaani hizi nyeupe zenye doa jeusi. Ni kunde nyekundu ndogo, za visiwa vya pwani ile, ambazo mpaka sasa wazao wa watumwa, Wagullah Geechee, wanazithamini. Ngozi ngumu, hazipasuki hovyo, na zinaupa mchele rangi. Kwa kunde hizo, sufuria moja, nakubali kabisa. Lakini dukani watu wanapata jicho jeusi. Ukibadilisha kunde, badilisha na njia.

FESTO: Badilisha muda, njia iache. Zitoe mapema zaidi, basi.

NEEMA: Mapema kiasi gani? Kunde za mfuko huu na za mfuko ule haziivi sawa. Unamwambia mtu akisie.

FESTO: Namwambia apulize kijiko. Tumeshamfundisha.

NEEMA: Na siku ya pili? Wali wa sufuria moja ukilala kwenye friji unakuwa tofali.

FESTO: Siku ya pili una jina lake kule, Skippin' Jenny, na wanaula kwa hamu. Nusu kikombe cha maji, mfuniko, moto mdogo, dakika nane. Unarudi.

NEEMA: Unarudi ukiwa umelainika zaidi. Bakuli langu la tatu: kunde na supu kwenye chombo kimoja, wali kwenye kingine. Kesho napasha kunde, napika wali mpya, kikombe kimoja kwa viwili vya maji, dakika 20. Kila siku chakula kipya.

FESTO: Na kila siku wali mweupe usioujua moshi.

NEEMA: Basi pika wali kwa supu hiyo hiyo badala ya maji! Sufuria tofauti, supu ile ile. Ndivyo nilivyofanya bakuli la tatu. Onja kabla hujajibu.

FESTO: ...Mtamu. Lakini kunde na wali hawajajuana. Kunde zimewekwa juu kama mchuzi. Ukila kijiko kimoja unapata wali, kijiko kingine kunde.

NEEMA: Changanya kwa uma.

FESTO: Kuchanganya sahanini si kupika pamoja.

NEEMA: Na kupika pamoja si lazima kuvunja kunde.

FESTO: Sijavunja. Tano kati ya...

NEEMA: Nimezihesabu, Festo. Kijiko kimoja, kunde kumi na moja, nne zimepasuka.

FESTO: Saba nzima!

NEEMA: Tumebakiza dakika ngapi? Mbili. Mboga ya majani, sukuma, hatujaigusa.

FESTO: Wala mkate wa mahindi. Nilikuwa na maelezo marefu ya sufuria ya chuma na mafuta ya moto.

NEEMA: Sukuma kwa sentensi moja: majani yale mapana ya kule (collard greens) ni ndugu kabisa wa sukuma wiki yetu, toa mti wa katikati, na upike kwa vikombe viwili vya supu ya kifundo, dakika 40 mpaka saa moja, siki mwishoni. Ndiyo maana nasema supu ibaki.

FESTO: Hiyo ni hila. Umeingiza hoja yako kwenye mboga.

NEEMA: Ni mboga tu. Mkate wa mahindi wiki nyingine. Ile sufuria jikoni ina kunde ambazo bado hazijatiwa wali. Zimebakiza kama dakika kumi.

FESTO: Tano. Nikapulize kijiko. Na mchele nimeshauosha.

NEEMA: Usiuguse huo mchele. Festo! Maikrofoni bado inarekodi, Festo, rudisha kongo... rudisha kifundo mezani.