Alishapimwa Jeshini

REHEMA: Karibuni tena, mko na Rehema na Salim. Leo niliahidi mambo matatu kuhusu VVU na askari wastaafu wa Marekani: nani apimwe, afanyiwe nini siku jibu likitoka chanya, na dawa kinga. Nianze na lililonishughulisha wiki hii. Nimekaa na timu ya kliniki moja ya VA, idara ya Marekani inayowahudumia askari wastaafu, tunapitia kile kikumbusho kinachotokea kwenye kompyuta ya nesi: "Mgonjwa huyu hana kipimo cha VVU." Chini yake kuna kitufe, "Alishapimwa jeshini." Ukikibonyeza, kikumbusho hakirudi tena maisha yake yote.

SALIM: Na dada Rehema anataka kiondolewe.

REHEMA: Kiondolewe kabisa.

SALIM: Mimi sikubali, na sababu zangu utazisikia. Ila kwanza tuwaambie watu tulipotoka. Sheria ya 1988 iliibana VA: hupimi VVU bila mgonjwa kutia saini, na bila ushauri nasaha kabla na baada. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walipopendekeza mwaka 2006 kwamba kila mtu wa miaka 13 hadi 64 apimwe kama sehemu ya matibabu ya kawaida, VA haikuweza kufuata. Bunge lilikiondoa kifungu hicho 2008, na tangu Agosti 2009 mgonjwa anakubali kwa mdomo, mhudumu anaandika kwenye faili, basi.

REHEMA: Na kiwango ni angalau mara moja maishani kwa kila anayehudumiwa na VA, na kila mwaka kwa aliye katika hatari ya kuambukizwa.

SALIM: Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mara moja. Jeshi la Marekani linapima wanaojiunga tangu Oktoba 1985, na walio kazini wanapimwa kila baada ya miaka 2. Kama jibu ninaliona kwenye faili, lina tarehe, ni hasi, sharti la mara moja limetimia. Nesi ana vikumbusho vya sukari, chanjo, msongo wa vita, uvutaji sigara, na miadi ni dakika 20. Ukimwongezea kimoja kisicho cha lazima, atajifunza kuvizima vyote bila kusoma.

REHEMA: Lakini kaka Salim, aliyetoka jeshini 1991 jibu lake linaishia 1991. Linasema nini kuhusu miaka yote iliyofuata? Kipimo cha jeshi kinasema alikuwa salama kazini. Kumhesabia hicho ni kumwachia mwanya mtu ambaye hajapimwa tangu avue sare.

SALIM: Kama aliingia kwenye hatari baadaye, anapimwa kila mwaka. Kanuni imeshamkumbuka.

REHEMA: Kwa kumuuliza! Na swali la hatari ndilo lililoshindwa tangu mwanzo. Mzee wa miaka 68, mjane, ana mwenzi mpya, nani atamuuliza? Akija na uchovu, kupungua uzito na mkanda wa jeshi, ule ugonjwa wa malengelenge, wataandika uzee. Akija na utando mweupe mdomoni, watalaumu meno ya bandia. CD4, zile chembe za kinga, zikija kupimwa ziko chini ya 200. Upimaji wa kawaida ulianzishwa ili tusitegemee mtu kujieleza.

SALIM: Sasa unapima mara ngapi? Ukisema cha 1991 hakihesabiki, cha 2015 nacho kinahesabika kwa nini? Hujanipa mpaka.

REHEMA: Mpaka ni siku ya kuacha jeshi. Kipimo kimoja baada ya hapo.

SALIM: Huo mpaka umeuchora wewe.

REHEMA: Na wako umechorwa na uchovu wa nesi.

SALIM: Uchovu wa nesi ni kitu halisi, Rehema. Unaua vikumbusho vyote, hata hicho chako.

REHEMA: Basi tusipoelewana hapo, kuna hitilafu moja ambayo naamini tunaiona sawa. Kikumbusho kinazimika oda ikiandikwa, hakisubiri jibu. Mzee anakubali, daktari anaagiza, foleni ya maabara ni ndefu, anaondoka. Au miadi ilikuwa ya simu, damu haikuchukuliwa kabisa. Oda inaisha muda, na kompyuta inaamini amepimwa.

SALIM: Hilo nakuunga mkono moja kwa moja. Kizimwe na jibu tu. Na damu isichukuliwe upya bila sababu. Akikubali, kipimo kiongezwe kwenye damu ileile ya kolesteroli, mara nyingi inatosha. Ridhaa itangulie tu. Usiongeze kisha ukamwambie.

REHEMA: Na nesi asiseme "Je, ungependa kupimwa VVU?" kwa sauti ya kunong'ona. Aseme: "Leo tunapima sukari, kolesteroli na VVU, tunapima kila mtu. Una pingamizi lolote?" Anyamaze, asikilize. Kipimo cha mshipani kinachosaka kingamwili na antijeni p24, ambayo ni sehemu ya kirusi chenyewe, kinaona maambukizi siku 18 hadi 45 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo aliye na wasiwasi wa wiki iliyopita aambiwe arudi. Likitoka chanya, maabara inatofautisha VVU-1 na VVU-2. Hatua hiyo ikileta hasi au utata, wanatafuta virusi vyenyewe. Kabla ya hapo usimpigie mtu simu ukamwambia ana VVU.

SALIM: Akianza dawa, mimi swali langu la kwanza ni kiungulia.

REHEMA: Subiri, hatujafika kwenye siku ya jibu.

SALIM: Nitakuwa mfupi. VA inahudumia zaidi ya watu 30,000 wanaoishi na VVU, na wengi wamepita miaka 50. Watu wa umri huo wana tembe za kiungulia mfukoni, za dukani, na hakuna faili linalozionyesha. Zenye alumini au magnesiamu zinaikamata dawa ya VVU iitwayo dolutegraviri tumboni, na biktegraviri vilevile. Sehemu kubwa ya dawa inapita bila kuingia kwenye damu. Umeze ya VVU saa 2 kabla ya tembe ya kiungulia, au saa 6 baada yake.

REHEMA: Kalsiamu na chuma je?

SALIM: Hizo unaweza kumeza pamoja na dawa yako, ila na chakula. Tumbo likiwa tupu, usizichanganye. Omeprazoli, inayopunguza asidi ya tumbo, haina shida na dolutegraviri, lakini kwa anayetumia tembe za rilpivirini, dawa nyingine ya VVU, ni marufuku kabisa, kwa sababu rilpivirini inahitaji asidi ya tumbo. Unaona? Kiungulia kilekile, dawa mbili za VVU, majibu mawili tofauti.

REHEMA: Sawa, tumesikia. Siku ya jibu chanya...

SALIM: Bado goti.

REHEMA: Goti la nani tena?

SALIM: La askari. Miaka ya mizigo mgongoni na kuruka na parachuti, goti limekwisha, mgongo umekwisha. Daktari wa mifupa anamchoma triamsinoloni, aina ya steroidi, kwenye kiungo. Kama tembe zake za VVU zina ritonaviri au kobisistati, viongezi vya kuipa nguvu dawa nyingine, ini linashindwa kuiondoa ile steroidi. Sindano moja tu, na inakaa mwilini wiki kadhaa. Uso unavimba, sukari inapanda, tezi za adrenali zinalala. Daktari wa mifupa hajui, maana aliuliza "una mzio wowote?" hakuuliza "unameza nini?"

REHEMA: Na mgonjwa hakusema, kwa sababu hataki kitengo cha mifupa kijue hali yake.

SALIM: Hasa. Akivimba uso, kila mtu anasaka ugonjwa mpya. Kwa hiyo kabla ya sindano, mfamasia aangalie. Njia nyepesi mara nyingi ni kumhamishia kwenye dawa isiyo na kiongezi hicho, kisha sindano ifuate. Ikiwa imeshachomwa, asibadilishiwe dawa kwa haraka akadhani yameisha, steroidi bado imo. Apimwe kotisoli, homoni ya tezi hizo za adrenali, aangaliwe.

REHEMA: Dawa ya pua ya flutikasoni, steroidi pia, nayo?

SALIM: Ileile hatari, hasa anayepuliza kila siku. Na sukari: anayemeza metformini akianza dolutegraviri, kipimo cha metformini kisizidi miligramu 1000 kwa siku mpaka apitiwe upya. Kwa hiyo nasema, mgonjwa abebe kila kitu kwenye mfuko, hadi vitamini, amletee mfamasia. Mfuko mzima.

REHEMA: Salim, saa inaniambia tuna dakika mbili, na mambo matatu niliyoahidi nimegusa moja tu.

SALIM: Basi sema homa ya ini B, hiyo haisubiri wiki ijayo.

REHEMA: Haisubiri, kweli. Dawa inaweza kuanza siku ileile, damu ikishachukuliwa: CD4, wingi wa virusi, usugu wa virusi, kriatinini ya kuangalia figo, homa ya ini B na C. Majibu ya karibu yote yanaweza kukufuata nyuma. Ila tembe ya dolutegraviri na lamivudini peke yake usiianzishe kabla ya kujua usugu na homa ya ini B.

SALIM: Kwa sababu mwenye B anahitaji tenofoviri, dawa inayozuia vyote viwili, ndani yake.

REHEMA: Na aliyekuwa anaitumia tenofoviri ukaiondoa bila kujua, ini linaweza kuwaka vibaya. Dawa kinga na ile sindano ya VVU ya kila miezi 2 tunazisogeza kipindi kijacho. Tumeni maswali yenu, na yale ya...

SALIM: Ya goti nitumieni mimi.

REHEMA: Ya goti mtumieni yeye. Kwaherini.