Kigimbi kinachobana njiani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Kabla ya yote, kila mmoja avue kiatu kimoja. Weka vidole viwili juu ya mguu, pale kamba za kiatu zinapofungwa, wala usikandamize. Kinachodunda hapo ni damu. Usipousikia mdundo, usishtuke, wapo watu wazima ambao mshipa huo hausikiki. Jaribu nyuma ya fundo la ndani.

Kuna mzee mmoja alikuwa akitoka Chang'ombe kwa miguu hadi soko la Majengo bila kupumzika. Siku hizi husimama mara tatu. Kigimbi kinabana kama kimefungwa kamba, akisimama dakika chache kinaachia. "Uzee tu, mwanangu," akaniambia. Nilimpima presha ya mkono, 150. Ya kifundo cha mguu, 90. Gawa ya mguu kwa ya mkono: 0.6. Ikishuka chini ya 0.9 tunajua mishipa ya miguu imebanwa. Msuli ukitembea unadai damu nyingi, na mshipa uliojaa mafuta haulipi. Ukisimama, deni linapungua.

Hayuko peke yake. Mwaka 2010 wenye tatizo hili duniani walikadiriwa kuwa milioni 202, karibu robo zaidi ya mwaka 2000. Makadirio ya mwaka 2015 yalizidi milioni 236. Na jamani, msidhani ni maradhi ya Ulaya: zaidi ya watu saba katika kila kumi wanaishi nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Wengi wao hawasikii maumivu yoyote, ndiyo maana linaniumiza roho.

Umri unachangia, hilo hatuliwezi. Presha na lehemu, yaani mafuta kwenye damu, tunaziweza. Sigara ndiyo mbaya kuliko zote, na mzee wangu alikuwa amevuta miaka arobaini. Kisukari nacho kina hila yake: kinaziba mishipa huku kikifisha ganzi miguu, hivyo mtu anakanyaga mwiba shambani asijue, kidonda hakiponi, kidole kinakuwa cheusi.

Mzee ameacha sigara, anameza dawa, na nimemwagiza atembee mpaka kibane, apumzike, atembee tena. Hiyo nayo ni tiba. Wiki iliyopita alisimama mara moja tu.

Haya, vaeni viatu. Ila wenye kisukari mvue na cha pili, muuguzi anapita kuangalia katikati ya vidole.